Mgeni Aliyekataa Kusindikizwa na Mama

Wakristo wenzangu, mgeni aliyesali nasi leo, rozari mkononi, msimwamini.

Alisema amempatia Yustina, binti wa jirani yangu, kazi ya nyumbani Wampembe, kwa watu wa dini. Tukamshukuru.

Mama yake akajitwika unga wa ulezi ili amsindikize. Kwetu binti hapelekwi ugenini mama asipopaona atakapolala.

Mgeni akacheka. "Mama, aliyeitwa kazini ni binti."

"Nami siombi kazi, baba. Nataka kuuona mlango atakaoingia."

Mgeni akapanda baiskeli, akaenda zake.

Mwenye nyumba ya kuonyesha angekimbia?

Ameshika njia ya Ilemba. Huko nako wana mabinti, na rozari yake wataiamini kama tulivyoiamini sisi.

Mmoja apeleke habari bomani.

Kwenye mteremko wa njia hiyo baiskeli haipandwi. Mwenye miguu mepesi akiondoka sasa, atamtangulia Ilemba awaonye.