Nyumba Ndani ya Uwanja wa Warumi

Sisi tuliokulia ughaibuni, mjini Gaithersburg, mwishoni mwa miaka ya tisini, kabla simu hazijahamia mifukoni mwa watoto, tulikuwa na Shimoni. Palikuwa nyuma ya majengo yetu ya kupanga: bonde la nyasi lililochimbwa ili mvua kubwa ikinyesha maji yapate pa kukusanyika. Mvua kubwa zilikuwa chache, kwa hiyo bonde lilikuwa letu. Kingo zake ziliteremka pande zote, na ukikaa juu ulimwona kila mtu na kila mtu alikuona wewe.

Baada ya shule tulishuka humo Watanzania, Wakenya na Wakongo, tukalengana kwa mpira wa soksi. Mimi niliuita mchezo huo rede. Wambui, jirani yetu wa ghorofa ya chini, alisema, "Hiyo ni kati, bana," na tukabishana mpaka jua linazama, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha tuliyoweza kubishana kwayo. Saa tuliijua kwa pua. Chapati za kina Wambui zikianza kunukia, ujue mama zetu wanarudi kazini. Sombe ya kina Patrice, yaani kisamvu cha Wakongo, ikiiva, ujue umechelewa.

Tulipokuwa darasa la sita, mwalimu wa historia alitufundisha habari za majengo ya mviringo ya Warumi, yenye ngazi za mawe za kukalia kuzunguka uwanja, na watu walioshushwa pale katikati kupigana mbele ya umati. Kesho yake Shimoni pakawa Roma. Panga zetu zilikuwa rula, na ngao zilikuwa mifuniko ya masufuria makubwa, yale ambayo akina mama walikuwa wakiazimana kila palipokuwa na shughuli. Patrice alishinda mapigano yote, mpaka mama yake alipotokea kibarazani.

"Munakula na ile kifuniko ao munapigana nayo?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Muchague moja."

Tulichagua kula.

Mwalimu akatupa kazi: kila mwanafunzi atengeneze mfano wa jengo lile na aeleze matumizi yake. Jumamosi Mama alinipeleka maktaba. Alikuwa ametoka zamu ya usiku Rockville, alikokuwa akihudumia wazee, na desturi yake ilikuwa kunikabidhi kwa vitabu kisha kusinzia kwenye kiti na mkoba wake mapajani. Nilipokuwa nikifunua kurasa aliamka, akainama juu ya picha niliyokuwa nimeipita.

Ulikuwa mchoro wa jengo la Kirumi la Arles, kusini mwa Ufaransa, miaka mingi baada ya Roma kuanguka. Uwanja ulikuwa umejaa nyumba. Watu walikuwa wameingia humo kujikinga na vita, wakaziba matao, wakajenga minara ya ulinzi juu ya kuta. Vichochoro vilipita palipokuwa na mapigano.

"Hawa wanaishi humu?" Mama aliuliza.

"Walikuwa wanaishi. Zamani. Walikuwa na makanisa mawili humo ndani."

"Sasa wako wapi?"

Nilimsomea. Kitabu kilisema nyumba ziliondolewa ili jengo lirudishiwe sura yake ya kale, na siku hizi hufanyika humo maonyesho na mchezo wa mafahali. Kuhusu wenye nyumba hakikusema neno. Mama alifunua ukurasa uliofuata, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Soma vizuri, Neema. Lazima wameandika."

Hawakuwa wameandika. Sikuelewa kwa nini ilimkera hivyo mpaka jioni ile, alipomweleza Baba alichosikia kwa meneja wa majengo yetu. Mwenye majengo alikuwa ameamua kuyakarabati yote, yarudi kama yalivyokuwa mapya. Wapangaji tungetoka kwanza, kufikia mwezi wa pili. Kurudi kungekuwa kwa atakayeiweza kodi mpya, na watu wazima walijua kuwa hatakuwapo.

Hapakuwa na sebule ya kutosha watu wote, kwa hiyo mkutano ulifanyika Shimoni. Nakumbuka ilivyokuwa ajabu kuwaona wazazi wameketi kwenye nyasi zetu, wengine na sare za hospitali, akina baba wamekunja suruali zisichafuke. Meneja alisimama chini katikati, kijana mpole mwenye tai, akigeuka huku na huku kwa sababu watu walikuwa wamemzunguka. Sisi watoto tulikaa juu kabisa. Wambui aliniambia sikioni, "Leo ni yeye wa kupigana," lakini hakucheka.

Watu walilalamika, wengine waliomba. Mama alinyanyuka mwishoni.

"Bwana meneja, mimi sikuzuii kukarabati. Nakuomba kitu kimoja. Usitutoe mwezi wa pili. Watoto wamalize mwaka wa shule hapa, pamoja. Baada ya hapo tutaondoka, na hutasikia kelele yetu."

Meneja alisema hana mamlaka. Mama akamjibu kwamba akamwombe mwenye mamlaka, sisi tutangoja. Aliketi, na hakuna aliyeondoka mpaka meneja alipoahidi kwenda kuuliza. Wiki iliyofuata jibu lilikuja: tungekaa mpaka shule zifungwe.

Mfano wangu niliutengeneza kwa boksi la nafaka na pakiti za maziwa. Niliujaza nyumba, zenye mabomba ya moshi na kamba za nguo za uzi, nikaanika vipande vya kitenge cha Mama. Mwalimu aliinama, akatafuta.

"Wapiganaji wako wapi?"

"Walishaondoka. Hawa ni waliokuja baadaye."

"Na hawa walikwenda wapi?"

"Kitabu hakisemi," nilijibu.

Sisi tulihamia Rockville, kina Patrice wakaenda Bladensburg, kina Wambui wakapata nyumba mbali zaidi kando ya barabara ya kaskazini. Majengo yalipakwa rangi, yakawekwa vibaraza vipya, na Shimoni pakazungushiwa uzio. Wanangu nimewapitisha hapo. Walitazama kwa adabu, wakarudi kwenye vioo vya simu zao. Wana marafiki mpaka Japani, ila jina la mtoto wa mlango wa pili hawalijui, na nikiwaambia watoke nje wakacheze wananiuliza, wakacheze nini. Chakula kikiwa tayari nawatumia ujumbe. Wakati mwingine wanaujibu.

Siku ile tuliyohama, familia kadhaa zilipakia pamoja. Tulibeba makochi ya watu wengine kana kwamba ni yetu, kisha sisi watoto tukateremka Shimoni mara ya mwisho na kukaa tu, mpira wa soksi ukiwa miguuni. Ndipo sauti ya mama mmoja ikatoka juu, kwenye malori: "Wanangu, njooni." Hatukuangalia ni mama wa nani. Tulisimama wote.