Mimi Nilipima Kaboni, Masalu Akaiuza

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai, na Mkuu wa Kituo akaniuliza kama nimekuja kufunga ndoa. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vilivyojibana katikati ya mawe ya Mwanza. Mkuu mwenyewe, Mkerewe mfupi mwenye sauti iliyoweza kufika Ukerewe bila simu, alikuwa amekalia kreti la soda kwa sababu kiti chake kilikuwa hakijaletwa. Waajiriwa wapya tulikuwa wawili: mimi Shija, na mwenzangu Emanueli Masalu. Tulitoka darasa moja la masomo ya usiku, wale wa kutafuta kidato cha nne huku tayari tuna ndevu. Kwenye hesabu Masalu alikaa nyuma yangu, na shingo yake ilirefuka muhula hadi muhula mpaka ikakaribia ya twiga. Nalisema hilo mapema ili mjue nasimulia habari za nani.

"Nani kati yenu anaongea Kiingereza?" Mkuu akauliza.

Mimi nikaanza kufikiri. Masalu, ambaye Kiingereza chake kilitosha kuomba maji na kushukuru baada ya kunywa, alishainua mkono.

"Wewe utakuwa na wageni, upande wa masoko," akaambiwa. "Na wewe bwana harusi, shika hii futi kamba. Kesho Magu."

Hivyo ndivyo maisha ya watu wawili yalivyogawanywa, kwa muda mfupi kuliko wa kumenya ndizi. Yeye akapata meza. Mimi nikapata miiba.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana ninyi vijana wa siku hizi mnarusha vidude angani na kusubiri majibu mkiwa kivulini. Mti unapokua hunyonya hewa ukaa na kuifungia kwenye shina, mizizi na udongo. Kuna makampuni ya mbali yanayoitoa hewa hiyo kwa mabomba. Baadhi yao, bila kulazimishwa na sheria yoyote, huamua kumlipa mwenye msitu ili asiukate. Ndiyo maana likaitwa soko la hiari. Kila tani moja ikishapimwa na kuhakikiwa hutolewa hati moja, na hati hiyo ndiyo bidhaa. Haina harufu, haina uzito, huwezi kuifunga kwenye gunia. Mama yangu mzazi aliponiuliza nauza nini nikamjibu "hewa", alinitafutia mganga.

Msitu wote haupimiki, hata kwa mtu kama mimi niliyekuwa namaliza miti mia tatu kabla ya chai. Unachagua maduara machache, tunayaita ploti, unapima kila mti ulio ndani yake usawa wa kifua, kisha hesabu inakisia msitu mzima. Mkuu wa Kituo alitufundisha hivi: "Ukitaka kujua chumvi ya sufuria unaonja kijiko kimoja. Lakini kijiko kikijua kitaonjwa, kitajitia chumvi." Maana yake ploti isijulikane. Unazika nondo fupi katikati, juu yake iwe sawa na ardhi, na mahali pake panajulikana na kifaa cha satelaiti tu. Hakuna alama ya kuonekana kwa macho.

Kijiji nilichopangiwa huko Magu kilikuwa na ngitili kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Kwa wasio Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa masika yote, nyasi na migunga vijiotee, halafu linafunguliwa kiangazi ili ng'ombe dhaifu na ndama wasife. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati huitwa mbele ya dagashida, baraza la wazee, na huko hatoki bila kuacha ng'ombe. Mlinzi mkuu alikuwa Mzee Kulwa, mrefu, mkavu, mtu asiyecheka isipokuwa kwa sababu maalumu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kununua upepo?"

"Mimi ni wa kupima, mzee. Anayeuza yuko mjini."

"Aa. Basi wewe ndiye unayefanya kazi."

Nilimpenda mzee yule papo hapo.

Miaka ya mwanzo soko lilikuwa limelala. Hati moja iliuzwa kwa bei ya soda, tena soda ya moto, na Masalu alishinda mezani akinoa penseli. Nakiri nilifurahi. Kila nikirudi mjini nilipitia kwake kumpa pole ambayo hakuiomba. Lakini ghafla dunia ikashtuka. Makampuni makubwa yakaanza kutangaza kwamba yataufuta moshi wao, wawekezaji wakamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua, na bei ikapaa kama ya mabondo, vile vibofu vya sangara vinavyouzwa ng'ambo. Wengine hawakusubiri hata hati zitoke. Walilipa mapema ili wapewe hati za miaka ijayo. Masalu akaacha kunoa penseli. Akawa na viatu vinavyolia, mara Dar, mara Nairobi, mara ananipigia simu kutoka uwanja wa ndege kuniuliza mgunga unaandikwaje kwa Kilatini. Mgunga! Mti ambao ulikuwa umenichoma mpaka kwenye masikio!

Siku moja akaniambia analeta wageni kijijini. "Kaka Shija, watakaa nusu saa tu. Kuna kitu cha kuwaonyesha?"

Kitu cha kuwaonyesha. Miaka yote ile ya jua, na mtu ananiuliza kama kuna kitu. Wivu ulinipanda mpaka nikasikia ladha yake mdomoni, kama sarafu. Nikaenda dukani nikanunua makopo ya rangi nyekundu. Kila ploti nikaizungushia mawe, kila mti wa ndani nikaupiga mstari mwekundu usawa wa kifua na namba yake. Nilitaka wageni waone mkono wa Shija. Waliuona. Walipiga picha nyingi sana, na katika picha zote aliyesimama mbele ya miti yangu ni Masalu.

Rangi ikabaki pale. Mkuu wa Kituo alikuwa ameshastaafu, na nafasi yake ilichukuliwa na Meneja wa Kanda, mama mmoja wa Kihaya aliyekuwa akiongea taratibu kiasi kwamba ulitubu hata usilolitenda. Yeye porini hakuja. Nilipopima tena baada ya misimu kadhaa, masika, porini kote kukiwa kijani, takwimu zilikuwa za ajabu. Miti ilikuwa imenona kama watoto wa muuza maziwa. Nikazipeleka mjini kifua mbele. Masalu akazipeleka kwa mwekezaji mkubwa, akataka mkataba wa miaka mingi, kijiji kijengewe zahanati na ngitili ipanuliwe. Mwekezaji akakubali, kwa sharti kwamba mhakiki wa nje aje kwanza.

Majuma matatu kabla ya mhakiki nilikwenda kuandaa njia. Kilikuwa kiangazi kikali. Ngitili ilishafunguliwa, ng'ombe wamejaa, wamekula majani yote mpaka machipukizi ya migunga. Msitu ulikuwa umechoka, kama ilivyo kawaida ya kiangazi. Ila mbele yangu nikaona duara moja la kijani, zito, limesimama kama sofa katikati ya ua. Nikaenda kwenye lingine, hivyo hivyo. Miti yake yote ilikuwa na mstari mwekundu.

"Mzee Kulwa, hizi ploti haziliwi na ng'ombe?"

"Zitaliwaje?" Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Si umeweka alama mwenyewe? Dagashida ilikaa siku ile ile. Tukasema, hiyo ni ngitili ndani ya ngitili, haifunguliwi masika wala kiangazi. Yohana aliingiza mbuzi mmoja tu, tukamtoza dume. Mbolea pia tunaweka."

"Mbolea?"

"Ya zizini. Wanawake wanabeba. Hatuwezi kukuaibisha, mwanangu."

Walikuwa wamefanya kile ambacho Msukuma yeyote mwenye adabu angefanya akiona eneo limewekewa alama. Nami nilikuwa nimepima bustani yao, nikaiandika kuwa msitu. Hati zilizoahidiwa zilikuwa nyingi mno kuliko hewa iliyokuwepo.

Hapa nataka niwe mkweli. Wazo langu la kwanza halikuwa kijiji. Lilikuwa Masalu. Nilikuwa nimepanga chumba Sengerema wakati ule, na nikirudi huko kutoka Mwanza, kwenye kivuko cha Kamanga nilisimama nikitabasamu peke yangu mpaka mama mmoja akahamisha watoto wake. Nilikuwa nawaza: mhakiki atakuja, ataona sofa katikati ya jangwa, na mwenye sahihi kwenye ahadi ni Emanueli Masalu. Viatu vitaacha kulia. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi isiyohitaji hata cheti.

Masalu alipiga simu siku ya tatu. "Kaka, huko vipi?"

"Safi kabisa," nikasema.

"Wewe ndiye nguzo yangu, Shija."

Nikakata simu nikala wali wa watu wanne.

Kisha Mzee Kulwa akapiga. Simu aliazima, na alipiga kelele kwa sababu hakuamini waya usioonekana. "Mwanangu! Tumekubaliana, mgeni wako akija tutaongeza walinzi kwenye ploti zako, na vijana watafagia! Wale wachoma mkaa wamekuja tena kutaka tuwauzie upande wa mashariki. Tumewafukuza. Tumewaambia Shija amesema miti ina mnunuzi!"

Hapo ndipo nikafanya hesabu nyingine. Mhakiki akigundua, mwekezaji ataondoka, na wachoma mkaa watakuwa wanasubiri mlangoni na shoka. Masalu ataanguka, sawa, lakini Masalu ana meza nyingine za kwenda. Ngitili haina.

Asubuhi nilipanda kivuko cha kwanza, nikaingia ofisini kwa Masalu bila kubisha. Nikamweleza yote, mpaka kivuko, mpaka lile tabasamu. Akainuka akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Kwa hiyo ulikuwa unataka nizame."

"Nilikuwa nataka sana."

Akavaa koti. "Twende kwa Mama."

Mbele ya Meneja wa Kanda, Masalu alisimama wima. "Mama, tumegundua kasoro kwenye ploti za Magu." Tumegundua! Nusura nicheke.

"Aliyepaka rangi ni nani?" Mama akauliza, taratibu.

"Idara ya uwandani, Mama."

Idara ya uwandani nzima ilikuwa imeshika kofia mkononi, inatazama sakafu. "Shija," akasema, "utachukua watu, utazika nondo mpya, mahali ambapo hata wewe utahitaji kifaa kupaona. Mhakiki nitamwomba asogeze siku. Na wewe Masalu, utamwandikia mwekezaji leo, kabla ya chakula cha mchana."

Tulipima upya mpaka futi kamba ikachanika. Hesabu ikashuka, tena ilishuka kwa kishindo. Wakati huo huo soko nalo lilikuwa limeingiwa na baridi: magazeti ya nje yalikuwa yanauliza ni misitu mingapi iliyouzwa ambayo haikuwa na hewa iliyoandikwa, bei zikaanguka, na hati zisizo na ushahidi zikawaozea watu mikononi kama nyanya. Nilingoja barua ya kutuaga. Badala yake mwekezaji alijibu kwamba katika miradi yote aliyonayo, wetu ndio wa kwanza kupunguza takwimu zake wenyewe. Alisaini kununua hati chache kuliko zile za ahadi, kila moja kwa bei nzuri zaidi. Soko lilikuwa linagawanyika mafungu mawili, la kuaminika na la kutupwa, nasi tukaangukia upande wa kuaminika kwa sababu ya makopo yangu ya rangi.

Na mnadhani nani alialikwa kwenye mikutano kusimulia? Masalu, tena na slaidi zenye picha ya mgunga wangu. Alipandishwa cheo. Mimi nilipata barua ya onyo, ambayo mke wangu anasema imeandikwa vizuri.

Nimestaafu sasa. Naona biashara inavyokwenda: wawekezaji wamerudi, lakini wanauliza maswali marefu; kuna makampuni ya kuzipa hati alama kama mitihani; serikali imeweka kanuni za usajili na za fungu la kijiji; satelaiti inaona mgunga ukipiga chafya. Nawaonea wivu ninyi vijana, siwafichi, nawaonea wivu mpaka viatu. Ila mashine yenu haitawaambia kwa nini wanawake wamebeba mbolea. Hilo mtaliuliza kwa mdomo.

Mwaka huu nilivuka kwa daraja jipya la Busisi, nikapitiliza hadi Magu kumsalimia Mzee Kulwa. Amepungua mwili, sauti bado. Zahanati ipo, na upande wa mashariki wa ngitili umefungwa mpaka kule kwenye mto. Tuliketi barazani kwake, akawasimulia wajukuu zake jinsi msitu ule ulivyonusurika.

"Yule bwana mkubwa wa mjini, Masalu," akasema, "ndiye aliyegundua hesabu zimeharibika, akamwandikia mzungu ukweli. Bila yeye hapa pangekuwa mkaa mtupu. Si ndivyo, mwanangu? Wewe ulikuwepo."

Wajukuu wakanigeukia. Nilikuwa na maneno elfu nane, yamepangwa vizuri, yana mwanzo na mwisho. Nikaitazama ile migunga iliyosimama nyuma yake.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ni yeye."

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mke wangu ukweli wote, mara tatu.