Omena ya Siku ya Sabato

Omena, dagaa wa ziwa letu, ikinyeshewa ina harufu yake. Si ya omena kavu, si ya samaki aliyeoza. Inaingia puani na kukaa. Juzi mvua ilinikuta sokoni Ndhiwa kando ya mama aliyekuwa akikimbia kufunika gunia lake. Niliacha nilichokuwa nanunua, nikaenda zangu.

Nawaambia ninyi kwa sababu wanangu hawajaniuliza, na kanisani siwezi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi nina miaka tisa, tukikaa ufuoni upande wa Homa Bay. Baba alishakufa. Mama alinunua omena kwa wavuvi, akaianika, akauza. Tulikula kwa hiyo. Sisi ni Waadventista: jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, hata sindano hushiki. Ijumaa hiyo omena haikukauka, ikalala nje. Asubuhi tukiwa ibadani wingu likapanda kutoka ziwani, jeusi kama sufuria. Mama akatoka polepole kama anayeenda chooni. Alirudi na magamba kwenye rinda.

Mimi nilikuwa bingwa wa kukariri mafungu ya Biblia, na nilijua alichofanya. Alasiri mzee wa kanisa alitufundisha watoto amri ya nne, akauliza kwa mzaha nani anamjua mvunja Sabato. Wenzangu wakaanza kutaja ng'ombe na punda wa kwao, wakacheka. Mimi nikainua mkono.

"Mama yangu ameanua omena leo."

Kicheko kilikatika. "Achieng', una hakika?" mzee akaniuliza.

"Nimeona magamba."

Nikaketi nimejaa, kama mtu aliyeshiba.

Jioni mama alinipa samaki mzima, akanitolea miiba kama mtoto mdogo. Nikadhani hajui.

Baraza la kanisa likamwita. Alisimama mbele ya kanisa lote, akatubu, akalia. Wakasema watafikiria kama wamsamehe.

Ikafika Meza ya Bwana, ya kila robo mwaka. Kwetu, kabla ya mkate, wanawake huoshana miguu wawili wawili, mwenye kinyongo akitue hapo. Mama alikuja na karai na taulo, akapiga magoti mbele ya jirani yetu. Yule akavuta miguu chini ya benchi.

"Min Achieng'," yaani Mama Achieng', "na mikono hiyo ya omena? Ngoja robo ijayo."

"Kwani robo ijayo mvua haitanyesha?" mwingine akadakia. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha kanisani.

Mama akabaki magotini, maji yakipoa. Kwa miaka mingi nilijiambia sikumwendea kwa sababu sikuwa nimebatizwa. Uongo. Niliona aibu kuonekana naye.

Hakurudi kanisani tena. Alikufa nikiwa na miaka kumi na minne. Kwenye matanga yule mzee wa kanisa alinivuta kando.

"Siku ile uliyoinua mkono, mamako alikuja kukuchukua. Alikuwa mlangoni, nyuma yako. Alisikia yote. Akaweka kidole mdomoni, nisikwambie yupo." Akainama. "Na mimi nikapeleka neno kwa baraza."

Niliyosema yalikuwa kweli, lakini niliyasema kwa kiburi, na kiburi hakuna aliyeniitia baraza. Mama alinisamehe kabla sijajua nimekosa. Nilipojua, hakukuwa tena na wa kumwomba. Wananiambia Mungu amesamehe. Sikatai. Lakini niliyemkosea ni mama. Nikipiga magoti namwambia yeye maneno yangu yote, halafu nanyamaza, nisikie kama kuna mtu. Hakuna.