Binti Yangu Aliyeacha Muguka Kabla ya Breki

Uvumilivu wangu uliisha nikipepeta ndengu, siku binti yangu wa gredi ya nane aliponiambia kwa furaha kwamba ameacha kutafuna majani ya muguka.

"Umeacha lini?"

"Leo, mwaitu. Kabla ya breki."

"Na ulianza lini?"

"Baada ya paredi ya asubuhi."

Ungo ulinitoka mkononi. Kuku wa jirani walikula ndengu zangu vizuri sana.

Nikamkalisha anieleze. Muhula mzima wageni wa mradi walikuwa wakija shuleni kwao, hapa Mukuyuni, kufundisha watoto kujiepusha na dawa za kulevya. Sasa walitaka kupima kama mafunzo yamesaidia, wakaacha fomu: kabla ya mafunzo ulikuwaje, na sasa ukoje. Mwalimu wa darasa, ambaye hapendi darasa lake lishindwe hata kwa usafi wa choo, aliandika majibu ubaoni, watoto wakanakili. Kabla: nilikuwa nikitafuna. Sasa: nimeacha. Darasa zima likapona. Mtoto wangu hajaonja hata jani moja, lakini jina lake liko kwenye karatasi kama mlaji mstaafu.

Asubuhi nilifika ofisi ya walimu nimejifunga leso ya shambani.

"Mama, tulia," mwalimu wa darasa akasema. "Hii ni ya kusaidia shule. Wakiona mabadiliko, watarudi mwaka ujao."

"Kwa hivyo mwaka ujao wangu ataacha bangi?"

Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka akamwaga chai. Hata mimi nilicheka, ila hasira haikwenda popote. Kama wote wamepona karatasini, anayetafuna kweli ataonwa na nani? Na wapo. Kibanda cha muguka kinatazamana na geti, na kila jioni nikitoka sokoni naona sare za shule pale.

Nikaingia kwa mwalimu mkuu, akaniambia kama nina malalamiko niandike. Nadhani alitarajia nitachoka. Mimi nilifika kidato cha nne, kuandika naweza. Nikaomba kalamu yake, nikaandikia pale pale mezani pake:

"Kwa bodi ya shule. Mimi ni mzazi wa gredi ya nane. Binti yangu hajawahi kutafuna muguka, kwa hivyo hana alichoacha. Fomu yake ifutwe. Fomu zote zijazwe upya, bila majina, ubao ukiwa mtupu na mwalimu akiwa nje. Watoto waulizwe pia wanaununua wapi. Nakala wapewe wageni wa mradi. Nangoja muhuri, na sitoki hapa."

Akaupiga.