Nimemuogesha Miaka Sita, Leo Nikaombe Radhi?

Admin, nifiche jina, mji wenyewe mdogo huu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na minane, wa hapa Mji wa Kale. Nafanya kazi kwenye kituo cha watu wazima wenye ulemavu wa akili. Waletwa asubuhi, jioni warudi kwao. Nawalisha, nawaogesha, nawafundisha kufunga vifungo. Naandika na hasira zangu, mnistahimili.

Kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na minne, tumwite Rukia. Hakuwa akisema. Miaka sita nimemuogesha kwa mikono hii. Maji ya kichwani yalimtisha, kwa hivyo nikianza na miguu, nikipanda polepole huku nikimsomea Alhamdu. Hilo nililijua mimi. Kwao, wageni wakija, alikuwa akifungiwa chumba cha nyuma.

Mwezi uliopita hakuja siku mbili. Siku ya tatu dereva wetu akaniuliza, "Kwani hukuambiwa? Alishikwa na homa, wamemzika jana." Mkuu wa kituo alikuwa na habari, akanyamaza ili kazi isilale.

Nikenda matangani vile vile na nguo za kazi. Nikamuuliza mamake taratibu, nani aliyemuosha. Akasema waliita mwosha maiti, mtu ambaye Rukia hakuwahi kumuona. Machozi yakanitoka. Shangazi mtu akauliza, "Yuwalia nini huyu?" Mama akajibu, "Ni msaidizi tu wa kule kituoni. Alhamdulillahi, sote tumepumzika."

Tumepumzika. Wallahi sikuweza kujizuia. Nikamwambia mbele ya wanawake wote, "Wewe umepumzika na nini? Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyelea ni mimi." Nikatoka.

Wamenishtaki. Mkuu asema Jumatatu niende nikaombe radhi, la sivyo nisirudi kazini. Nilipomuomba siku moja ya kukaa na msiba wangu, alinijibu, "Wewe si jamaa."

Najua yule mama kafiwa, na matangani si mahali pa maneno yale. Lakini nikiomba radhi ni kama nimekubali kwamba kwa Rukia sikuwa mtu. Nikikataa, wanane waliobaki nitamwachia nani?

Na kuna hili sijamwambia mtu. Jana mmoja wao alitema uji, nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akalia. Hakunikosea lolote. Mliowahi kulea mtoto wa mwenzenu, nipeni rai: niende nikaombe radhi, au niache kazi kabla sijamuumiza mtu?