Mbao za Mzizi wa Mbili

Jamani, aibu hii nimeibeba miaka na miaka, na hata leo nikikuta mkeka umetandikwa juu ya mbao naupapasa kwanza kwa mguu, kwa hiyo chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka.

Zilikuwa enzi za ujamaa. Nilikuwa nimetoka Bukoba, kijana, suruali imenyooka kwa pasi, nikapangiwa Mtwara kufundisha useremala, na kazini nilikuwa bado sijathibitishwa. Mkuu wangu akaniambia kijiji kimoja karibu na Mahurunga kinazindua zahanati, darasa langu litengeneze jukwaa, na mgeni rasmi, afisa elimu wa mkoa, ndiye atakayeamua kama nithibitishwe au nirudishwe kwetu.

Wanakijiji walikuwa wameshachimbia nguzo. Upande mmoja wa jukwaa ulikuwa sawa na mshazari wa mraba wenye upande wa mita mbili, yaani mbili mzizi wa mbili, na upande mwingine tatu mzizi wa mbili. Ningekwenda nikavuta futi kamba nikamaliza, lakini wiki ile somo lilikuwa mizizi na wanafunzi wananitazama, nikasema, "Leo hatupimi, tunakokotoa!" Nikazidisha mbili kwa tatu nikapata sita, mzizi nikauacha ulivyo (kumbe nao unazidishwa, mzizi wa mbili kwa mzizi wa mbili ni mbili kamili!), nikatangaza sita mzizi wa mbili, mita za mraba nane na nusu hivi. Jibu lilikuwa kumi na mbili.

Tukaomba mbao za kutosha hesabu yangu tu, na mbao enzi zile zilitoka kwa kibali, huwezi kurudi kuomba nyingine, basi tulipofika kijijini tukazipanga, tukaona karibu theluthi ya jukwaa iko wazi, na mimi, badala ya kusema ukweli, nikaamuru mbao ziachiwe nafasi, halafu nikaazima mikeka kwa akina mama nikafunika. Likapendeza kweli! Mwenyekiti wa kijiji akanishika mkono, "Ndugu mwalimu, umetuheshimisha."

Siku ya uzinduzi sindimba, ile ngoma ya Wamakonde ya kunyonga viuno, ikapigwa, vumbi linatimka, mgeni rasmi uzalendo ukamshinda, akavua viatu, akapanda jukwaani kucheza. Nikaona mguu wake unaelekea pale palipobaki pengo kubwa kuliko yote. Sikuwaza kazi wala faili, niliruka tu nikatua mbele yake, na mkeka ukanimeza hadi mapajani.

Nikaanza kujinyonganyonga ili nitoke. Wapiga ngoma wakadhani nacheza! Wakaongeza kasi, akina mama wakapiga vigelegele, bibi mmoja akapaza sauti, "Mwalimu huyu Mmakonde, Wahaya wamemwiba tu!" na kadiri nilivyohangaika ndivyo kijiji kilivyoshangilia, mpaka suruali ikapasuka na kila mtu akaisikia.

Mgeni rasmi mwenyewe ndiye aliyenivuta. Akafunua mkeka, akatazama mapengo, akanitazama. Nikamweleza yote pale pale, hadi mzizi niliouacha, huku nimeshika suruali kwa nyuma.

Akamgeukia mkuu wangu akasema, "Huyu athibitishwe, lakini abaki hukuhuku, Bukoba wasije wakampa daraja ajenge."

Nimebaki mpaka leo, nimeoa hapahapa Mtwara, Chikongola, na naapa mbele yenu: namba ya nje ya mzizi nitazidisha kwa ya nje, ya ndani kwa ya ndani, kisha nitavuta futi kamba, hata kama darasa zima linanitazama.