Sijambo na Mrija wa Mgongoni

Mtaani walimwita Sijambo, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Hata siku wembe ulipomchana kiganja, alikifunga kitambaa na kumaliza kichwa cha mteja. Alikuwa kinyozi, mwingi wa maneno juu ya kila kitu isipokuwa mwili wake. Macho yake yalipogeuka manjano, mteja ndiye aliyemwonyesha kwenye kioo. Mkewe hakutaka porojo. Alifunga duka mwenyewe, akampeleka hospitali.

Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye kongosho. Ungeweza kutolewa, lakini kwa upasuaji mkubwa. Siku moja kabla, daktari wa ganzi, mama mmoja mpole, alivuta kiti akaketi karibu na kitanda.

"Tutakuwekea mrija mwembamba mgongoni," alisema. "Dawa itapita humo kidogo kidogo, izime maumivu ya tumbo hata baada ya upasuaji."

"Mgongoni? Si nitapooza, daktari?"

"Ni nadra sana. Miguu inaweza kuwa mizito kidogo, nasi tutakuwa tunaiangalia. Faida yake ni kwamba utaweza kupumua vizuri na kukohoa. Usipokohoa, makohozi yatakwama kifuani, upate homa ya mapafu."

Sijambo alimtazama mkewe. Mkewe aliitikia kwa kichwa. "Haya, wekeni," akasema.

Alipozinduka baada ya upasuaji, alipapasa tumbo akakuta bandeji ndefu, na maumivu hakuyaona. Nesi alimgusisha kipande cha barafu tumboni, kushoto kisha kulia, akimuuliza kama anasikia baridi, apate kujua ganzi imeshika wapi. Hakusikia. Sijambo akaanza kumtania kwamba kumbe hospitali wana barafu nyingi kuliko duka la soda.

Kesho yake mambo yalibadilika. Upande wa kulia ulianza kuchoma, na kila pumzi ikawa kama kisu. Nesi alimuuliza maumivu yakoje.

"Sijambo, dada."

Mtaalamu wa mazoezi alipomwambia akohoe, alitoa kikohozi cha kuku. Akabaki anapumua juujuu, midomo imekauka, utani wote umemwishia.

Mkewe aliingia saa ya kuona wagonjwa. Hakumsalimia. Alifunua shuka miguuni, akatazama, akaenda kumwita nesi.

"Dada, huyu anaumwa. Nimeishi naye miaka mingi. Akikunja vidole vya miguu hivi, jua amezidiwa."

"Mama watoto, acha kunitia aibu," Sijambo alinong'ona.

"Aibu gani? Hapa nani anakupa zawadi ya kuvumilia?"

Nesi alileta barafu tena. Kushoto, hakusikia baridi. Kulia, Sijambo alishtuka.

"Hapo naisikia," alikiri. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, akaongeza, "Naumwa. Naumwa sana."

Daktari wa ganzi alikuja, akakagua mgongo. Alieleza kwamba dawa ilikuwa imeelemea upande mmoja. Aliuvuta mrija nje kidogo tu, akaongeza dawa, na wakamlaza kwa ubavu wa kulia huku wakipima presha yake mara kwa mara. Ilishuka kidogo, ikarudi. Taratibu mabega ya Sijambo yalilegea, na uso ukafuata.

"Ungesema asubuhi," daktari alimwambia bila ukali, "ungelala vizuri tangu asubuhi."

"Nilidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa."

Jioni alikumbatia mto tumboni ili kushikilia mshono, akakohoa kikohozi cha kweli, makohozi yakatoka. Kesho yake, nesi akimshika mkono mmoja na mkewe mwingine, alitembea hadi dirishani, akasimama akitazama watu wanaanua nguo. Mrija ulipotolewa, alihamia vidonge vya maumivu.

Alirudi nyumbani amekonda, shati likimpwaya. Sasa anakula kidogo mara nyingi, anameza dawa ya kusaga chakula kila anapokula kwa kuwa sehemu ya kongosho ilitolewa pamoja na uvimbe, na kliniki bado anakwenda. Duka hulifungua asubuhi tu. Akichoka, humwambia mteja akae asubiri, naye huvuta kiti akapumzika.